Magunia Mawili ya Unga

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tshibola alimfungia baba yake vifungo vya shati. Alianza na kile cha shingoni, akashuka mpaka cha mwisho, kisha akapiga magoti na kumfunga kamba za viatu. Baba huyo, Tata Kanyinda, alisimama akitazama ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba tu. Vidole vinne vilikatika mwezi wa kumi wa mwaka 1992, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata.

"Asante, mama," alisema. Alimwita binti yake "mama" kwa sababu alimpa jina la mama yake mzazi.

"Leo watakupa kazi, Tata?"

"Mungu anajua. Mi naenda tu wanione."

Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma katika atelye, karakana ya mgodi, kwa miaka kumi na mitano. Sasa alikwenda kila siku mlangoni kuomba kazi yoyote nyepesi, hata kufagia au kulinda geti. Kila siku aliambiwa arudi kesho. Mkono wa kushoto haukujua kushika chochote bila kutetemeka.

Waliishi Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali ya vyumba viwili. Babu yake Tshibola ndiye aliyetoka Kasai, akaletwa na watu wa mgodi wakati wa Wabelgiji. Tata Kanyinda alizaliwa Kolwezi. Tshibola na mdogo wake Henri walizaliwa Kolwezi. Kasai walikuwa wakiisikia tu katika masimulizi na nyimbo za arusi.

Tshibola alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Mwandiko wake ulisifiwa na mwalimu mbele ya darasa zima. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hapendi tena kusifiwa mwandiko, na sababu aliijua.

Siku zile mambo ya mgodi yalikuwa yameharibika. Mashine nyingi zilisimama kwa kukosa vipuri, na mshahara ulichelewa miezi miwili, hata mitatu. Kilichobaki ni unga. Kwenye mlango wa atelye kulikuwa na ubao mweusi, na kila asubuhi karani aliandika kwa chaki idadi ya siku zilizopita bila ajali. Kundi likifikisha siku mia moja na ishirini bila mtu kuumia, kila mfanyakazi wake alipewa magunia mawili ya unga wa mahindi. Ajali moja tu ikiandikwa, hesabu ilirudi kwenye sifuri.

Tata Kanyinda aliumia siku ya mia moja na kumi na saba.

Alikuwa akichomea chuma chini ya mkanda wa kubebea mawe. Mtu mwingine, asiyemwona, akawasha mashine. Tata Mbuyu, shefu, yaani msimamizi, wa kundi lao, alivua shati lake na kumfunga mkono. Lakini badala ya kumpeleka hospitali moja kwa moja, wenzake walimpakia kwenye baiskeli, wakampitisha nyuma ya ukuta na kumleta nyumbani. Kutoka nyumbani ndipo alipopelekwa hospitali, ili ionekane aliumia huko.

Kesho yake Tata Mbuyu alikuja na karatasi. Alimkuta Tshibola kando ya kitanda cha baba yake.

"Tshibola, weye njo unajua Kifaransa kizuri," alisema, kwa Kiswahili cha kambini ambacho "ndio" ni "njo". "Andika hivi: alikuwa anatengeneza mashine ya kusaga, kwake nyumbani, mkono ukaingia."

"Lakini Tata Mbuyu, ilikuwa kazini."

"Njo vile, mutoto. Mi mwenyewe nilikuwa pale. Lakini sisi ni batu kumi na mbili katika kundi, na batoto bote banalala njaa. Inabaki siku tatu tu! Baba yako amekubali."

Tshibola alimtazama baba yake. Tata Kanyinda, uso umelowa jasho la maumivu, alitikisa kichwa kukubali. Basi Tshibola akaandika, mistari sita iliyonyooka. Baba yake akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, alama isiyosomeka.

"Muandiko kama wa padri!" Tata Mbuyu alisema, akakunja karatasi.

Baada ya siku tatu, Stany, kijana mdogo kuliko wote katika kundi, aliwaletea magunia yao mawili begani, moja baada ya jingine. Alicheka na kusema Tata Kanyinda ndiye aliyewalisha wote. Unga ule uliisha kabla ya Krismasi.

Tangu siku ile, kila waliposali Baba Yetu na kufika kwenye maneno "utusamehe makosa yetu", sauti ya Tshibola ilipungua mpaka ikawa pumzi tu.

*

Ijumaa moja, Tata Kanyinda alirudi mapema na barua. Alimpa Tshibola asome, naye akasoma akiwa amesimama katikati ya nyumba. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa mfanyakazi aliumia nyumbani, alipewa nusu mshahara kwa miezi mitano, na muda huo umekwisha. Kwa kuwa hawezi kazi yake ya zamani, mkataba wake unavunjwa. Nyumba ya kambi irudishwe mwisho wa mwezi.

Mama aliweka chini sufuria. "Soma tena hapo pa nyumba."

Tshibola akasoma tena. Maneno hayakubadilika.

"Mungu anatuona," alisema Tata Kanyinda.

Jumapili, baada ya misa, watu walikuwa wakisalimiana uani. Mama Odile aliwaita kutoka mbali. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, mwenyeji wa jimbo, mzaliwa wa Kasaji, aliyekaa dirishani katika ofisi ya bima ya wafanyakazi. Kila mwezi kiasi kidogo kilikatwa kwenye mshahara kwa ajili ya bima hiyo, na wafanyakazi walikiita "panya", kwa sababu walisema kinatafuna mshahara kimyakimya.

"Kanyinda!" alisema. "Miaka yote unanililia juu ya panya wangu. Nasikia uliumia. Leo panya anataka kukulisha, nawe unajificha?"

Kisha akauona mkono, maana Tata Kanyinda alikuwa ameutoa mfukoni ili amsalimie. Akaacha kucheka. "Yesu wangu. Na hujafika ofisini kwangu? Kwa nini?"

"Nifike kufanya nini, Mama Odile?"

"Hata hujui ulichokuwa unalipia?" Mama Odile aliketi kwenye ngazi ya kanisa na kumvuta Tshibola karibu naye. "Mutoto, weye unasoma. Niambie, mshahara wa baba yako ulitoka wapi?"

"Kwenye kazi."

"Na kazi ilitoka wapi? Kwenye mikono yake. Mikono ile iligeuka unga, ikageuka sabuni na daftari zako. Mkono ukikatika, vyote vinakatika. Hakuna bima inayorudisha mkono. Lakini kila mwezi inampa aliyeumia sehemu ya mshahara alioupoteza. Si wote. Sehemu, kwa kadiri daktari anavyopima uwezo uliopotea. Na kama uwezo haurudi, inaendelea maisha yake yote."

"Na pesa hizo ni za nani?" Tshibola aliuliza.

"Za watu maelfu. Kila mmoja anatoa kidogo, mwajiri anaongeza fungu lake. Wengi hawataumia kamwe, tunamshukuru Mungu. Wachache wanaoumia wanakula kwenye kile walichoweka wote. Si sadaka hiyo! Baba yako amewalisha wajane na viwete miaka kumi na mitano, bila kuwajua."

Mama yake Tshibola aliuliza haraka, kwa sauti ya chini, "Na mtu akihama? Unajua mambo ya sasa, Mama Odile. Wenyeji wanatuambia sisi wa asili ya Kasai twende kwetu."

Mama Odile aliinamisha macho. Alikuwa na aibu kwa mambo yaliyokuwa yakifanywa na watu wa jimbo lake. "Sehemu yake inamfuata. Tuna dirisha hata Mwene-Ditu, huko Kasai. Niletee tu karatasi ya ajali, yenye sahihi ya shefu wake. Uliumia upande gani wa atelye, Kanyinda?"

Tata Kanyinda aliurudisha mkono mfukoni.

"Niliumia nyumbani," alisema.

Mama Odile aliinuka kwenye ngazi. "Mfuko wetu ni wa ajali za kazini," alisema taratibu. "Kama ni nyumbani, sina la kukufanyia."

Tshibola alihisi masikio yanawaka.

Njiani mama yake alilia kwa hasira. "Magunia mawili! Umeuza mkono kwa magunia mawili ya unga!"

"Niliwapa wenzangu neno langu," alijibu Tata Kanyinda. "Na nikienda kusema leo, nani ataniamini? Karatasi yangu mwenyewe itanipinga."

Tshibola alijua ni karatasi ya nani.

*

Jumanne vijana walipita katika kambi, nyumba kwa nyumba, wakipiga milango ya watu wa asili ya Kasai kwa fimbo.

"Bilulu! Mutoke! Gari inabangojea!"

Bilulu ni wadudu. Miongoni mwao Henri alimwona kijana aliyekuwa akimfundisha kupiga mpira. Henri alimwita kwa jina, na yule kijana akageuza uso akapiga dirisha la jirani.

Walipewa mpaka jioni. Wakati mama akifunga sufuria katika kitenge, Tshibola alikimbia nyumbani kwa Tata Mbuyu, njia ya tatu kutoka kwao. Rachelle, binti wa Tata Mbuyu, ndiye aliyekuwa akiketi naye dawati moja. Alimfungulia mlango, akamtolea kiti.

Tata Mbuyu alikuwa amekaa gizani, madirisha yamefungwa.

"Tata Mbuyu, tunaondoka," alisema Tshibola. "Nakuomba uandike kwamba Tata aliumia kazini. Mama Odile amesema atalipwa kila mwezi, hata kule."

"Punguza sauti." Tata Mbuyu alisimama akachungulia nje. "Bakijua mi nasaidia Mukasai, batavunja hii nyumba pia. Na kule kazini je? Nikisema nilidanganya, banafukuza mi kwanza. Niko na batoto munane, Tshibola. Munane!"

"Nasi tuko wawili."

"Usiniambie vile." Sauti yake ilikatika. "Baba yako ni ndugu yangu. Lakini sina nguvu. Nenda, mama. Nenda na Mungu."

Rachelle alimsindikiza mpaka mlangoni, akamtia kiganjani vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha. Alikuwa akilia. Tshibola alivishika, akakimbia nyumbani.

Stesheni ilikuwa imejaa watu. Walilala chini ya mabati, chini ya mabehewa mabovu, na kwenye nyasi za kando ya reli. Mvua za mwezi wa tatu hazikuwahurumia. Familia ya Tshibola ilipata nafasi kando ya ukuta, ikajifunika kwa turubai moja pamoja na watu wengine. Gari la moshi lilisemwa litakuja kesho. Kesho ikafika, ikasemwa keshokutwa. Watoto walianza kuhara. Mara mbili Tshibola aliona watu wakipita na mzigo mdogo uliofungwa katika kitenge, kuelekea makaburini, na mama yake akamgeuza uso.

Wakubwa hawakuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililomtisha Tshibola kuliko vijana wenye fimbo. Mwalimu wake mmoja alikuwa pale, ameketi juu ya sanduku la vitabu, akitazama reli. Baba yake aliomba rozari kwa mkono wa kushoto, na alipomaliza alianza upya.

Siku ya tano Henri alishikwa na homa. Tshibola aliomba pia. Hakuomba gari wala dawa. Alisema tu, "Bwana, mimi nimeandika uongo," na alipokwisha kusema hivyo akajua kwamba hakuna kitu kingine katika mambo yote yale ambacho mkono wake ungeweza kukigusa.

Alimwendea baba yake. "Tata, nataka kwenda kwa Mama Odile."

"Kufanya nini? Nimekwisha kukuambia. Nimewapa wenzangu neno langu."

"Neno hilo ni lako, Tata. Sitalisema. Nitasema langu. Mimi ndimi niliyeandika."

Tata Kanyinda aliweka rozari mfukoni. Mvua ilipiga turubai. Mwishowe alisema, "Dhambi ya mtoto siwezi kuifunga ndani yake, hata kama mimi ndiye niliyeitia." Akamwambia mkewe, "Nenda naye. Mufuate reli, musipite barabarani."

*

Mama Odile aliwapokea ofisini, kwa mlango wa nyuma. Aliwapa chai kwanza, akamkatalia Tshibola kusema mpaka anywe. Kisha akampa karatasi na kalamu.

Tshibola aliandika kwa mwandiko uleule ulionyooka. *Mimi, Tshibola, niliandika kwamba baba yangu aliumia nyumbani. Si kweli. Nilijua si kweli. Aliumia kazini, chini ya mkanda.* Akataja siku. Hakutaja jina la mtu mwingine yeyote.

Mama Odile alisoma, akavua miwani.

"Umefanya vizuri, mama. Lakini sitakudanganya. Karatasi ya mtoto haitoshi. Anatakiwa shefu, na shahidi mmoja."

"Tata Mbuyu amekataa," alisema Tshibola, na hapo ndipo aliposhtuka kwamba amemtaja.

"Amekukatalia wewe. Bado hajanikatalia mimi." Mama Odile alichukua karatasi nyingine. "Kanuni yetu iko hivi: maelezo yakipingana, ninamwita shefu ajibu kwa maandishi. Anayo haki ya kusema unadanganya. Utaweza kukaa hapa akisema hivyo?"

Tshibola alimtazama mama yake. "Nitakaa."

Barua ya wito ilipelekwa atelye, na baada ya saa mbili Tata Mbuyu alifika pamoja na Stany, shahidi kutoka kundi lake, wote wakiwa na nguo za kazi. Alipomwona Tshibola na mama yake, alisimama mlangoni kama mtu aliyepoteza njia.

"Ingia, Tata Mbuyu," alisema Mama Odile. "Hapa hakuna polisi. Kuna karatasi tu." Akamsomea maelezo ya Tshibola yote, kisha akamsukumia karatasi tupu. "Kama ni kweli, andika ni kweli na utie sahihi. Kama si kweli, andika: mtoto huyu ni mwongo. Halafu tia sahihi. Nami nitafunga jalada."

"Mama Odile, unajua nitapoteza kazi."

"Huenda. Siwezi kukuahidi kitu."

"Na unajua huko inje kuko namna gani."

"Ninajua. Mi pia ninakaa huku."

Tata Mbuyu alishika kalamu. Stany, nyuma yake, alitazama sakafu. Tshibola aliona jasho likitoka kwenye paji la uso wa mtu mzima yule, aliyemfunga baba yake mkono kwa shati lake mwenyewe. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimuuma zaidi kuliko hasira.

Kalamu iligusa karatasi. Ikaandika neno la kwanza, *Mtoto*. Ikasimama.

"Siku zote hizi," Tata Mbuyu alisema bila kuinua kichwa, "nimesema kimoyomoyo: mi sikufanya kitu. Mi sikumufukuza mutu. Mi nimekaa ndani tu." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Kunyamaza nimeweza. Lakini kuandika kwamba huyu mutoto ni mwongo, na mi njo nilimufundisha uongo... Hapana. Mungu wangu, hapana."

Akaandika polepole, kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa hakukijua vizuri: *Mtoto anasema kweli. Ni mimi nilimwambia aandike vile.* Akatia sahihi.

Stany alinyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu, shefu. Ulisema tukae pamoja kwa unga. Tukae pamoja kwa hii."

Mama yake Tshibola, ambaye kwa siku tano hakulia, alilia hapo.

Mama Odile hakungoja. Alitoa nakala ya cheti cha daktari alichokileta mama yake Tshibola, akaibana pamoja na karatasi zote, akapiga mhuri, akaandika namba ya jalada juu ya kikaratasi kidogo. "Mushone hii ndani ya nguo," alisema. "Vingine vyote vinaweza kupotea njiani. Hii isipotee."

Walipotoka, Tata Mbuyu aliwafuata mpaka kwenye reli. Alivua koti lake la kazi akamfunika Tshibola, maana mvua ilikuwa imeanza tena, akarudi mjini akiwa na fulana tu.

Gari la moshi lilifika usiku uleule. Karatasi ile haikulizuia. Walipakiwa katika behewa la mizigo, watu themanini, na hakuna aliyeweza kukaa chini vizuri. Tata Kanyinda alimshika Henri kifuani safari yote. Njiani, huko Kamina, muuguzi mmoja wa misheni aliwapa vidonge, na homa ya mtoto ikashuka. Wengine katika behewa lile hawakupata neema hiyo, na Tshibola hakuelewa kwa nini. Bado haelewi.

*

Huko Mwene-Ditu walipewa chumba nyuma ya parokia. Miezi ilipita bila habari. Kila wiki Tata Kanyinda alikwenda kwenye dirisha la bima na kikaratasi chake, na kila wiki aliambiwa jalada halijafika. Mama aliuza maandazi. Tshibola alikosa mwaka wa shule.

Mwezi wa tisa jalada likafika. Daktari wa mfuko aliupima mkono, akaandika, na mwisho wa mwezi Tata Kanyinda alilipwa kwa mara ya kwanza. Haikuwa nyingi. Bei zilikuwa zikipanda kila wiki, na pesa ile ilitosha unga, mafuta, sabuni na ada ya Tshibola, basi. Lakini mwezi uliofuata ilikuja tena. Na mwezi mwingine.

Karibu na Noeli walipata barua kutoka kwa Rachelle, iliyoletwa na dereva mmoja. Aliandika kwamba baba yake aliondolewa ushefu na sasa anasukuma toroli. Wenzao wengine wa kundi walikataa kumsalimia kwa muda mrefu, kwa sababu walikatwa unga. Stany amehamia Dilolo. "Lakini Tata sasa analala," aliandika Rachelle. "Zamani hakuwa akilala."

Tshibola alipomaliza kusoma, aliikunja barua.

"Nilete karatasi, Tata? Nikuandikie jibu?"

Tata Kanyinda alimwonyesha kiti. "Kaa kwanza, mama," alisema. "Kuna neno nilipaswa kukuambia siku nyingi.

"Vijana wale walipotutoa, hatukuwa na nguvu. Gari lilipochelewa, hatukuwa na nguvu. Mtu asikudanganye kwamba mimi au wewe tungeweza kuzuia. Lakini siku ile ya unga, nguvu nilikuwa nayo. Nilikuwa na kinywa cha kusema: nimeumia hapa, leo, mbele ya hawa. Nikakifunga. Nikauita uongo wangu upendo kwa wenzangu, nikaweka kalamu mkononi mwa mtoto. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Tata."

"Basi ukumbuke, na uwaambie wengine shuleni. Mtu anayeishi kwa mikono yake, mikono hiyo ndiyo shamba lake. Ajue kila mwezi anachokatwa kinalinda nini. Siku akiumia, aseme siku hiyohiyo, aandikwe, mashahidi watie sahihi. Bima ni ahadi ya watu wengi kwa mtu mmoja, na ahadi hiyo inasimama juu ya ukweli. Nilipoingiza uongo, niliwafunga mikono wote waliokuwa tayari kunishika."

Kisha akavuta kiti mezani. Kwa miezi miwili alikuwa akihudhuria masomo ya jioni parokiani, pamoja na wazee na akina mama waliokosa shule, akifundisha mkono wa kushoto kuandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuwa amemwonyesha mtu daftari lake.

"Karatasi lete," alisema. "Lakini wewe kaa hapo utazame tu. Barua hii ya Mbuyu nitaiandika mwenyewe."

Herufi zake zilikuwa kubwa, zimelala huku na huku, na mstari ulipanda juu kama kilima. Neno *ndugu* lilimchukua muda mrefu. Tshibola aliukaza mkono wake juu ya meza usimsaidie, akangoja baba yake amalize.